Mtandao Uliopita Chini ya Uwanja Wetu

Mume wangu anaitwa Itapanda. Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini siku hizi hata muuguzi wa zahanati akimwita kuingia kwa daktari anaita "Itapanda", naye anainuka. Ni dalali wa viwanja, na katika miaka yote niliyoishi naye sijawahi kumsikia akisema bei ya ardhi itashuka. Mnunuzi akisita anamwambia, "Chukua sasa, itapanda." Muuzaji akiwa na haraka anamwambia, "Tulia, itapanda." Anaweza kuwaambia wote wawili asubuhi moja, juu ya kiwanja kimoja, na wote wakaondoka wameridhika. Mimi nashona sare za shule pale pale barazani, kwa hiyo nayasikia yote, na huwa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili kicheko changu kisisikike.

Ana sheria moja ya kazi ambayo haivunji: hakubali neno siku ya kwanza. Mpe bei nzuri, iwe ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa akiiota, atakunja uso, atatazama mbali, kisha atasema, "Nitafikiria." Anadai mtu akikubali upesi, mwenzake anaanza kujiuliza amekosea wapi. Alipoleta posa kwetu na wazee wangu wakamjibu kwamba wamekubali, alikunja uso halafu akawaambia atafikiria. Mjomba wangu alitaka kumtoa nje kwa mabega. Mimi nilimsamehe, kwa kuwa nilikuwa msichana na nilidhani ni aibu tu iliyomshika. Sikujua kwamba ule ni ugonjwa.

Watu husema kinyozi hajinyoi. Itapanda ameuza nusu ya mji huu, na sisi tumepanga vyumba viwili na baraza tangu tulipooana. Kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya tunamwambia pole bila kuinua sauti. Binti yetu alikulia humo, akaolewa, akaenda na mumewe nchi ya mbali, akazaa huko, na mimi bado nakunja nguo katika kabati lile lile. Kitu pekee tulichoweza kukiita chetu kilikuwa kiwanja cha mlimani, tulichokinunua wakati kule juu hakuna kitu ila nyasi na upepo. Kila nilipopata oda kubwa ya sare nilinunua matofali, nikayapandisha kule, nikayapanga vizuri, nikarudi kwenye cherehani. Nilishajua hata mlango wangu utatazama wapi.

Ndipo ikaja faiba. Kama hujui faiba ni nini usijisikie vibaya, maana mimi nimeelezwa mara nyingi na bado sijui. Wanasema ni uzi wa kioo, mwembamba kuliko huu wa kushonea, ndani yake unapita mwanga, na ndani ya mwanga unapita mtandao. Vijana wenye helmeti walisimika nguzo mtaani kwetu, wakavuta waya nyumba hadi nyumba mpaka kwenye kona iliyo chini ya mlima, na hapo wakaishia. Nguzo ya mwisho ikaachwa na waya uliozungushwa juu yake. Nilimuuliza mmoja wao ni lini wataendelea kupanda mlima.

"Hiyo iko kwenye mpango, mama," akanijibu.

Nimeishi vya kutosha kujua maana ya jambo kuwa kwenye mpango.

Mtaa ulibadilika tukiuangalia. Duka la vipuri lililokuwa mbele yetu likawekwa milango ya vioo, wakaingia vijana wanaoshinda mbele ya kompyuta na vitu vimewaziba masikio, ukiwasalimia hawasikii. Nyumba iliyokuwa ikikaa mwaka mzima bila mpangaji ikawa inagombewa. Itapanda alikuwa anatembea mabega juu. Alisema faiba ni kama maji ya bomba, inapofika ardhi inanenepa, na alilisema hilo kwa kila aliyesimama, na wengine hawakusimama.

Jioni moja mama mwenye nyumba akaja. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani bila kukaribishwa, akatutazama kwa huruma.

"Wanangu," akaanza, "mmeishi humu kama watoto wa kuwazaa mwenyewe."

Nikajua tumekwisha. Mwenye nyumba akianza kukuita mwanawe, tafuta maboksi.

"Kuna vijana wa kompyuta wanaitaka nyumba yote wafanye ofisi," akaendelea. "Siwafukuzi. Kaeni mpaka mvua ziishe. Lakini na mimi nimezeeka, na nyumba yenye faiba siyo ya kupangisha kwa bei ile ya zamani."

"Hayo ya bei nani kakwambia, mama?" nikamuuliza.

Akashangaa. "Si mume wako huyu? Mwezi mzima ananiambia nisikubali kidogo, itapanda."

Nikamgeukia Itapanda. Alikuwa anachunguza dari kwa makini sana, kama fundi aliyeitwa kuitengeneza. Usiku huo hakuulizwa anataka kula nini.

Kwangu jambo lilikuwa jepesi. Tuna kiwanja, tuna matofali, mvua zina muda. Tujenge vyumba viwili mlimani tuhamie, hata kama madirisha tutaziba kwa mabati. Nilimwambia hivyo asubuhi, nikidhani nimemaliza. Mume wangu akanitazama kwa masikitiko, kama ninavyomtazama mteja anayeleta kitambaa cha pazia nikishone suruali.

"Mke wangu, mlimani hakuna faiba," akasema. "Ukijenga mahali pasipo na faiba umezika matofali. Wanunuzi wote sasa hivi, hata kabla ya kuuliza maji, wanauliza faiba."

"Wanunuzi gani? Sisi tunauza?"

"Hatuuzi. Lakini ardhi lazima uiangalie kwa jicho la mnunuzi."

Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza. Maana wiki hiyo hiyo alitokea kijana mmoja tunayemwita Fundi Dishi, anayezunguka na pikipiki na ngazi imefungwa ubavuni. Alikuja kushonesha suruali iliyochanika ngazini. Alipomsikia Itapanda akihubiri habari ya faiba, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, faiba imepitwa," akasema. "Sasa hivi ni setilaiti. Unaweka dishi dogo tu hivi, linatazama mbingu, mtandao unashuka. Huhitaji nguzo wala kumngoja mtu. Unajua mahali pazuri kuliko pote ni wapi? Kule mlimani. Hakuna mti, hakuna ghorofa, mbingu wazi. Huku bondeni nikiweka dishi linaona paa la jirani."

Itapanda akaacha kutafuna. "Kwa hiyo kiwanja cha mlimani..."

"Dhahabu, mzee."

Siku hiyo mume wangu alilala mtu wa dishi. Kesho yake mvua kubwa ikanyesha, mtandao wa dishi la zahanati ukakatika wakati daktari anaongea na mwenzake wa mbali, na Itapanda akarudi amelowa chapachapa akipiga kelele kwamba faiba haijui mvua. Baada ya hapo lori la mchanga likaupitia waya wa faiba kwenye kona, mtaa wote ukakaa kimya mpaka siku ya pili, akarudi tena mtu wa dishi. Mteja mmoja akamwambia kwamba watu wengi wakiweka madishi mahali pamoja mtandao unakuwa wa kugombania, akageuka mtu wa faiba. Mwingine akamwambia kampuni ya faiba haitapanda mlima kwa sababu watu wa mlimani wameshaanza kununua madishi. Wa tatu akasema itapanda upesi kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilimuuliza swali moja tu, kwamba huu mtandao mwishowe unatoka chini au unatoka juu, akasema atafikiria, akaenda zake.

Sikumlaumu sana, nasema kweli. Zamani alikuwa anajua. Kiwanja karibu na barabara kilikuwa ghali, cha mbali kilikuwa rahisi, na cha kwenye tope hakikuwa na mtu. Sasa mtu alikuwa anaweza kulipia vizuri kiwanja cha juu ya jiwe mahali ambapo hata mbuzi anafikiria mara mbili, eti mbingu iko wazi, na mwingine akakataa kiwanja safi kwa sababu nguzo iko ng'ambo ya barabara. Nilimwona usiku anageuka geuka kitandani. Kichwa chake kilikuwa kinamzunguka, na sisi mvua zetu zilikuwa zinakwenda.

Katikati ya hayo akaja Mwalimu. Alikuwa amestaafu, mtu wa maneno machache, kifua kinamsumbua, na alikuwa na kiwanja bondeni kando ya barabara kuu alichoachiwa na kaka yake. Vumbi la magari halikumfaa. Akamwambia mume wangu mbele yangu, "Bwana, mimi nataka hewa. Wewe una cha mlimani, mimi nina cha barabarani. Tubadilishane, moja kwa moja, mtu asimwongezee mwenzake kitu."

"Nitafikiria," akasema Itapanda.

Tulikwenda kukitazama wote wawili. Kilikuwa kiwanja kizuri, siwezi kusema uongo, tambarare, barabara hapo hapo. Lakini katikati yake, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kulikuwa na vinguzo vifupi vya zege vimepangana, vimepakwa rangi ya njano juu, na maandishi yaliyofutika.

"Hivi vinguzo vya nini katikati?" nikauliza kwa sauti ya kawaida.

Itapanda akanifinya mkono mpaka nikaruka. Akanikokota mpaka nyumbani, akafunga mlango, akaninong'oneza kana kwamba Mwalimu amejificha chini ya kitanda.

"Yale ni mawe ya mpaka! Miaka yote nafanya kazi hii, jiwe la zege nalijua hata gizani. Hicho si kiwanja kimoja, ni viwili. Kimeshapimwa kikagawanywa, na Mwalimu hajui! Tunajenga nusu moja, nusu nyingine inakaa. Na pale barabara kuu faiba lazima ipite."

"Basi tumuulize Mwalimu."

"Umeona wapi mnunuzi anamwambia muuzaji kwamba mali yake ni nzuri?"

Nilipinga. Nilisema mlango wangu, nilisema hewa, nilisema matofali yangu yako juu. Akanijibu kwamba matofali yanashuka mlima kirahisi kuliko yanavyopanda. Mwishowe nilichoka, na nilikuwa na hofu ya mvua kuisha, na nusu yangu nyingine ilikuwa imeanza kuamini. Viwanja viwili si kitu kidogo. Tukaandikiana na Mwalimu mbele ya mashahidi, matofali yangu yakashushwa, Mwalimu akapanda na vitanda vyake.

Fundi wa kujenga alianza msingi siku ambayo mvua ilipumzika. Itapanda alitaka ukuta wa nyuma usogee kabisa kwenye vile vinguzo ili asipoteze ardhi, kwa hiyo mtaro ukachimbwa pembeni mwake. Nilikuwa nimewaletea vibarua chai nilipomsikia fundi anaita.

"Mzee, kuna bomba huku chini. La rangi ya machungwa."

Itapanda akainama mtaroni, akalitazama. "Hilo bomba la maji la zamani, limekufa. Kata."

"Una uhakika, mzee?"

"Kijana, mimi nilikuwa nauza viwanja hapa kabla hujaota meno. Kata."

Fundi akakata. Hakukutoka maji. Kilichotoka ni fungu la nyuzi nyembamba za rangi rangi, nzuri kabisa, na mimi kwa akili yangu ya ufundi cherehani nikajisemea, sasa nyuzi hizi nani amezizika hapa?

Haukupita muda tukaanza kuona watu wanatoka madukani ng'ambo ya barabara wameshika simu juu. Karani wa benki alitoka nje na tai yake, akasimama akitazama angani. Walinzi wakaanza kuelekeza watu warudi kesho. Itapanda naye akatoa simu yake ampigie mteja kwa mtandao, ikawa inazunguka tu, akasema hawa watu wa faiba kazi yao ni mbovu. Nilimtazama, nikatazama mtaro, nikatazama zile nyuzi, nikaelewa.

Watu wa faiba walikuja kwa magari mawili. Mkubwa wao alikuwa mwanamke kijana mwenye buti na uso uliokwisha choka, na hakupiga kelele, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Aliingia mtaroni, akashika bomba, akatoka.

"Nani alisema kata?"

Itapanda, na hili namsifu, akanyoosha mkono.

"Mzee, hivyo vinguzo hukuviona?"

"Niliviona. Nilijua ni mpaka wa kiwanja."

Yule mama kijana akavua helmeti akajikuna kichwa. "Ni alama za kebo, mzee. Chini ya hapa unapita mkongo mkubwa wenyewe, kebo mama ya mtandao. Umekata mji mzima na miji miwili ya mbele. Na juu ya njia ya kebo hairuhusiwi kujenga, wala pembeni yake. Hapa, na hapa, na mpaka kule." Alikuwa anatembea huku anaonyesha kwa mguu, na kila alipoonyesha, nyumba yangu ilikuwa inapungua.

Mimi nikaona angalau niokoe kitu. "Mwanangu," nikamwambia, "basi kama mkongo wenyewe uko hapa chini, sisi tutaunganishwa kwanza kabla ya watu wote, siyo?"

Akanionea huruma. "Hapana, mama. Huu unapita tu. Hauwezi kushushwa hapa. Ninyi hapa mko mbali na nguzo, itabidi mnunue dishi."

Nimeshafiwa na wazazi, nimeshauguliwa, lakini sijui kama nimewahi kukaa chini kama nilivyokaa siku ile, kwenye rundo la udongo, na birika la chai mkononi. Wao waliunganisha nyuzi zao mpaka jioni. Walikuta kwamba wenzao waliozika kebo hawakuweka utepe wa onyo juu yake kama inavyotakiwa, kwa hiyo hawakutushtaki, wakatuonya tu.

Kesho yake Itapanda ndiye aliyesema twende kwa Mwalimu. Tulipanda mlima. Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya kibanda cha mabati alichojijengea kwa muda, anapumua vizuri, mbele yake mji wote umetandazwa. Tukamweleza. Alisikitika kwa dhati.

"Ndiyo, kaka yangu aliwahi kusema kuna watu walizika kitu pale," akasema.

"Mwalimu, mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Hamkuuliza, shemeji. Na mimi nilijua bwana anajua. Yeye ndiye dalali."

Halafu, bila kuombwa, kwa sauti ile ile ya pole, Mwalimu akasema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nazikwa. "Basi haina shida. Sipendi mtu aumie kwa ajili yangu. Mimi sijajenga bado. Turudishiane, kila mtu achukue chake, mimi nitatafuta hewa mahali pengine."

Nilihisi machozi. Niliona mlango wangu pale pale unapotakiwa kuwa. Nikamgeukia mume wangu ili tushukuru pamoja, nikaona anakunja uso. Nikaona anatazama mbali. Nikamshika shati, nikalivuta, lakini mtu aliyefanya jambo maisha yake yote mdomo wake haungoji akili.

"Nitafikiria," akasema Itapanda.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Sawa, bwana. Fikiria."

Njiani nilimpa yote niliyokuwa nayo. Sikubakisha. Nilimuuliza anafikiria nini, anafikiria na nani, na kwa kichwa kipi. Akasimama katikati ya njia, na nikaona hasira zangu hazimfikii, kwa sababu mtu mwenyewe amepotea.

"Sijui kwa nini nimesema vile," akaniambia. "Imetoka yenyewe. Lakini hebu sikiliza, mke wangu. Kama mkongo uko pale chini, siku moja si watafungua? Wakifungua pale bei yake itakuwaje? Na mlimani watu wakijaza madishi, si mtandao utakuwa mdogo? Au ni kinyume? Niambie wewe. Mimi sielewi tena."

"Hata mimi sielewi," nikasema. "Ninachojua tunahitaji pa kulala. Geuka turudi tukamwambie ndiyo."

"Tukirudi sasa hivi ataona tuna shida."

"Tuna shida!"

"Kesho," akasema. "Kesho asubuhi na mapema."

Kesho asubuhi mvua ikaamka kabla yetu, ikanyesha kutwa, na keshokutwa yake pia. Njia ya mlimani ikawa mto. Ningekwenda peke yangu, nilishavaa viatu, lakini Itapanda alishikwa na homa, nikabaki kumkanda. Nilimwambia apige simu. Akasema jambo kubwa hivyo halisemwi kwenye simu, na safari hii nilikubaliana naye, Mungu anisamehe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema waliotangulia, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani namsikia anakohoa na mvua inagonga bati.

Tulipopanda, wiki ilikuwa imepita na jua lilikuwa limetoka. Nilisikia nyundo kabla sijaona kitu. Msingi ulikuwa umeshamwagwa zege. Juu ya kibanda cha Mwalimu kulikuwa na dishi jeupe jipya, Fundi Dishi yuko kwenye ngazi anakaza nati, na kijana nadhifu mwenye miwani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, anaongea na watu wa mbali.

Mwalimu alitupokea vizuri. Akatuletea viti.

"Huyu mkwe wangu," akasema. "Kazi yake anafanya popote penye mtandao. Alikuja kunisalimia, akajaribu dishi, akasema hapa hapa. Wanahamia na binti yangu, watanijengea." Akamtazama mume wangu, na nikaona ameelewa tumefuata nini. "Nilikungoja, bwana. Siku ile, na iliyofuata. Nilijisemea, mtu anayefikiria kitu kama hiki hakitaki. Nikaona nimeharakisha kukuhurumia."

"Hapana, Mwalimu, ulipotuhurumia uliona sawa," akasema Itapanda. Sauti ilikuwa ndogo. "Ni kazi yangu tu inasema hivyo. Si mimi."

Kijana wa miwani aliinua macho akatusalimia kwa heshima, akarudi kwenye kompyuta yake. Zege lilikuwa bado bichi, na mtu alikuwa ameliwekea magunia yaliyolowa lisipasuke.

Tulihama mvua zilipoisha, kama tulivyoambiwa. Mpimaji alitupimia kilichobaki bondeni: kipande chembamba upande huu wa kebo na kingine chembamba zaidi upande ule. Vyumba viwili viko huku, jiko na choo viko kule, na katikati kuna uwanja mtupu wenye vinguzo vya njano ambao haturuhusiwi hata kuchimba shimo la nguzo ya kamba ya nguo. Mlango wangu unatazama barabara. Nafungua dirisha asubuhi naambiwa habari za asubuhi na malori. Chini ya uwanja huo, mchana na usiku, yanapita maneno ya miji mitatu, na ndani ya nyumba simu yangu haipati hata picha.

Itapanda bado anafanya kazi yake, ila amepungua. Juzi mteja alimuuliza anunue mahali penye nguzo au mahali penye mbingu wazi, nikaacha kukanyaga cherehani nisikie. Akamwambia hajui. Mteja alidhani ni mbinu, akaongeza bei.

Jumapili tunapanda kwa Mwalimu kuongea na binti yetu, kwa sababu ni kule tu anaonekana vizuri. Mwalimu ametuwekea benchi chini ya dishi na ametupa neno la siri la mtandao wake bila sisi kuomba. Jumapili iliyopita mjukuu wetu alimnyang'anya mama yake simu. Ana miaka ya kuuliza maswali. Alitutazama, akatazama nyuma yetu, nyumba mpya ya Mwalimu, anga, mji wote chini.

"Babu, hapo ndiyo kwenu?"

Itapanda akageuka kutazama, kana kwamba alihitaji kuhakikisha. "Hapana, mjukuu wangu. Hapa palikuwa kwetu."

"Mbona pazuri hivyo? Mlihama kwa nini?"

Nilimngoja ajibu. Akanipa simu, akainuka, akaenda kusimama mbali kidogo, mikono nyuma, akitazama chini bondeni. Mtoto alikuwa ananisubiri. Alikuwa anaonekana safi kabisa, mpaka pengo la jino lililong'oka, mpaka uzi uliofumuka kwenye kola ya shati lake, kama yuko mbele yangu barazani na ninaweza kumvua nikamshonee.

"Tulihama kufuata mtandao," nikamwambia.